Ushei Una Mwenyewe

Leo nataka tuzungumze juu ya pesa ndogo, ndogo kiasi kwamba mtu akiidondosha njiani hainami kuiokota. Nimetoka nayo Marafa, juu huko kutoka Malindi, na tangu siku hiyo imenikaa moyoni.

Nilialikwa nikawe shahidi wa mgao wa chama. Wanachama walikuwa 17, wamekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, sanduku katikati. Mwaka mzima walikuwa wakiweka akiba na kukopeshana, na faida iliyopatikana ilikuwa shilingi 10,000 kamili. Kijana mmoja aliyesomea kompyuta alikuwa amewatengenezea programu ya kuweka hesabu zao, wakaachana na daftari. Akabonyeza, jibu likatoka: kila mtu shilingi 589.

Mwekahazina akaanza kuhesabu noti na sarafu. Wa kwanza akapata 589, wa pili 589, wa tatu vivyo hivyo. Aliyefika mwisho alikuwa mama mmoja mtu mzima, aliyewapisha wenzake kwa heshima yake. Mwekahazina alipofika kwake, sandukuni mlikuwa mmebaki shilingi 576.

Mama akazihesabu mara mbili. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, wenzangu wote wamepata 589. Zangu 13 zimekwenda wapi?"

Wakatazamana. Mwekahazina akaanza kutokwa na jasho, kwa sababu sote tunajua chama kinavyovunjika: huanza kwa swali dogo kama hilo. Yule kijana naye akasema, "Mama, kompyuta haikosei." Lakini ilikuwa imekosea, au tuseme, ilitii amri iliyokosewa.

Tuhesabu pamoja. 10,000 ukigawa kwa 17 unapata 588 na ushei. Ushei huo ni kama senti 23 na nusu. Kijana alikuwa ameiagiza programu kwamba kila panapotokea ushei, ipandishe hadi shilingi nzima inayofuata, kwa maana hakuna mtu atakayelipwa senti 23. Kwa hiyo 588 na ushei ikawa 589. Sasa zidisha 589 kwa watu 17: unapata 10,013. Programu iliahidi shilingi 13 ambazo sandukuni hazikuwamo. Ahadi hiyo ikamwangukia mtu wa mwisho kwenye mstari, na aliyekuwa mwisho ni yule aliyekuwa na adabu kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili la kupandisha na kushusha ushei, ambalo walimu wetu walitufundisha kwa dakika kumi tukaenda zetu, ni jambo la haki.

Na si jambo geni pwani hii. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, vibaba viwili vikawa kisaga, vinne vikawa pishi. Lakini haikutosha kusema "nipe kibaba". Palikuwa na kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto kilipitishwa ubao juu yake, nafaka ikasawazishwa na mdomo wa chombo. Cha tele kiliachwa kirundikane mpaka kifanye kichuguu. Muuzaji na mnunuzi walipatana kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili, ndipo mkono ukaingia guniani. Aliyepatana kwa tele akapimiwa mfuto alijua amepunjwa, na alikuwa na neno la kusema mbele ya watu.

Kupunja. Hilo ni neno zito kwetu. Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo. Katika Biblia nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuchezea mizani. Dini zote mbili zimeona kwamba mkono unaoiba chembe unaiba kweli, japo gunia linaonekana limejaa.

Sasa ngoja tuone kibaba kimehamia wapi siku hizi.

Msikilizaji, angalia sarafu zilizomo mfukoni mwako. Benki Kuu ya Kenya ilipotoa sarafu mpya mnamo Desemba 2018, zilikuwa za shilingi 1, 5, 10 na 20. Senti haikuwamo. Wakubwa wetu wanakumbuka ndururu, ile ya senti tano, na thumuni, senti hamsini. Mtoto wa leo ukimtuma dukani na thumuni atadhani umempa kifungo cha shati.

Mkononi senti imekwisha. Vitabuni bado iko hai, tena inazaliana kila siku. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli hutangaza bei ya mafuta kila mwezi kwa shilingi na senti. Mnamo Oktoba 2023 lita moja ya petroli mjini Nairobi ilifika 217.36. Hizo senti 36 utamlipa nani kwa mkono, na kwa sarafu gani? Au chukua hati ya mshahara. Bima ya Afya ya Jamii inakata asilimia 2.75 ya mshahara. Anayepata shilingi 25,430 anakatwa 699.325. Tazama vizuri: ni shilingi 699, senti 32, na nusu ya senti. Nusu ya senti! Kitu ambacho hakuna Mkenya wa leo anayekishika mkononi kinatokea kwenye hesabu ya mshahara wa mlinzi na wa karani, na lazima mahali fulani mashine iamue: kiende juu au kiende chini?

Mashine ninayoisema ni hifadhidata, ile ghala ya kumbukumbu iliyo nyuma ya karibu kila kitu tunachofanya sasa. Ukilipa karo, ukinunua tokeni za stima, ukipeleka maembe kwa mnunuzi anayepima na kuandika kwenye simu, kuna safu ya nambari inayoandikwa ghalani. Na ghala hiyo ina amri zake za kushughulikia ushei. Waliozitunga walizipa majina ambayo hata fundi wa nyumba angeyaelewa. Amri ya kupandisha inaitwa dari. Amri ya kushusha inaitwa sakafu. Nambari yenye ushei imesimama chumbani: ukiiita dari inaruka juu, ukiiita sakafu inaanguka chini. Ipo na ya tatu, inayotazama upande ulio karibu zaidi na kwenda huko.

Kijana wetu wa Marafa alitumia dari. Nia yake ilikuwa njema, hakutaka mama zake wapoteze hata senti. Lakini dari ina mitego, nami nataka vijana wanaonisikiliza, nyinyi mnaotengeneza programu za vyama na za maduka, mniazime masikio.

Mtego wa kwanza ni ule ulioangusha mgao: kupandisha kila mstari peke yake, kisha kujumlisha. Tuseme mteja amenunua vitu vitatu, kila kimoja 33.20. Ukipandisha kila kimoja unapata 34 mara tatu, yaani 102. Ukijumlisha kwanza unapata 99.60, na ukipandisha mara moja tu mwishoni unapata 100. Bidhaa ni zile zile na mteja ni yule yule, lakini shilingi mbili zimezaliwa kwa sababu ya mpangilio wa kazi tu. Jumlisha kwanza. Gusa ushei mara moja, mwishoni, pale pesa inapotoka mkono mmoja kuingia mwingine.

Mtego wa pili umejificha ndani ya kompyuta yenyewe. Sisi tunahesabu kwa makumi, yenyewe inahesabu kwa mawili mawili. Kama vile sisi hatuwezi kuandika theluthi kwa desimali ikaisha, tunaandika 0.333 mpaka karatasi ijae, ndivyo kompyuta isivyoweza kuandika sehemu moja ya kumi ikaisha. Kuna aina ya nambari ambayo hukubali kasoro hiyo ili ifanye kazi haraka. Inawafaa wanaopima upepo na mawimbi, lakini kwa pesa ni hatari. Mwambie mtoto wa darasa la tano azidishe 0.07 kwa 100, atakujibu 7. Kompyuta inayotumia nambari za aina hiyo itapata 7 na chembe, chembe iliyokaa nafasi ya kumi na tano baada ya nukta. Huioni kwenye kioo. Lakini dari inaiona. Dari haiulizi ushei ni mkubwa au mdogo, ikiuona tu inapandisha, na 7 inakuwa 8. Dawa yake inajulikana: weka pesa kwa aina ya nambari inayohifadhi desimali kamili, au ziandike zote kwa senti, kwa nambari nzima, shilingi 588 ikae ghalani kama 58,800.

Mtego wa tatu unakuja wakati wa kurudisha pesa. Mteja alitozwa 4.30, ikapandishwa ikawa 5. Kesho anarudisha bidhaa, na kwenye kitabu marejesho huandikwa kwa alama ya kutoa: kasoro 4.30. Ukiita dari hapo, haiendi kwenye kasoro 5. Juu ya kasoro 4.30 ni kasoro 4. Basi mteja alilipa 5, anarudishiwa 4. Amri ni moja, na mara zote mbili mwenye duka ndiye aliyefaidi. Hakuna aliyekusudia wizi, lakini shilingi imehama.

Najua kuna msikilizaji anayesema, ndugu yangu, shilingi moja! Umetuita redioni kwa shilingi moja?

Nakujibu kwa kisa cha kweli kutoka Kanada. Soko la hisa la Vancouver lilianzisha kipimo chake cha bei za hisa mnamo Januari 1982, likakianzishia 1,000. Kila hisa iliponunuliwa au kuuzwa, kompyuta ilihesabu kipimo upya, karibu mara 3,000 kwa siku. Na kila mara ilibakisha tarakimu tatu baada ya nukta, nyingine zote ikazikata na kuzitupa. Haikutazama upande ulio karibu, ilishusha tu. Kilichotupwa kila mara hakikufika hata sehemu moja ya elfu ya pointi moja. Lakini kilitupwa asubuhi, kikatupwa jioni, kikatupwa kesho yake. Soko lilikuwa linakwenda vizuri, huku kipimo kikizidi kushuka, na watu wakishangaa. Ilipofika Novemba 1983 kilikuwa kama 524. Wataalamu wakakaa wakahesabu upya: kilistahili kuwa 1,098. Kwa miezi 22, zaidi ya nusu ya nambari nzima ilikuwa imeliwa na ushei.

Haba na haba hujaza kibaba. Tumezoea kuwaambia watoto msemo huo ili waweke akiba. Tukumbuke kwamba haba na haba hukimaliza kibaba vile vile.

Na watu wa Marafa hawahitaji kusafiri hadi Kanada ili waone. Wanayo Nyari, lile shimo kubwa, nyuma ya nyumba zao. Aliyewahi kusimama kwenye ukingo wa Nyari jioni, jua likipiga zile kuta nyeupe, za waridi na nyekundu, anajua ninachosema. Wazee husimulia kwamba hapo palikaa tajiri na jamaa yake, walioogea maziwa kwa kiburi cha mali, na Mungu akawadidimiza. Wajuzi wa ardhi nao husema ni mvua: tone limeshuka, likachukua punje ya mchanga, likaondoka nayo. Tone jingine, punje nyingine. Hakuna siku ambayo mtu angesema leo shimo limechimbwa. Mimi nayaheshimu masimulizi yote mawili, kwa sababu yote yanaonya jambo moja. Lile la wazee linasema: usidharau kilicho kidogo kwa kuwa unacho kingi. Na mvua inatuonyesha mwisho wa dharau hiyo.

Sasa tutazame nani hasa anayedidimia. Tuseme mnunuzi wa maembe anakuja Magarini msimu ukipamba moto. Anapima kilo 18.6 kwa shilingi 22.50 kilo moja: 418.50. Programu yake ikiita sakafu, mkulima analipwa 418. Senti hamsini, thumuni ile ile isiyonunua kitu. Lakini kama siku hiyo amenunua kwa wakulima 200, na kila mmoja kapoteza wastani wa nusu shilingi, shilingi 100 zimebaki kwa mnunuzi. Kwa siku 60 za msimu ni 6,000. Hakuna mkulima hata mmoja aliyeumia kiasi cha kulalamika. Ndiyo maana jambo hili halisemwi: kila mmoja amepunjwa chini ya kiwango cha kukasirika.

Ulaya walilijua hili walipobadilisha sarafu. Malindi tunawafahamu Waitaliano, wametuzoea nasi tumewazoea, na wengi wenu mnakumbuka lira. Zilipokuja noti na sarafu za yuro mnamo Januari 2002, sheria ilikuwa imekwisha kupangwa. Yuro moja ni lira 1,936.27, na nambari hiyo haikuruhusiwa kufupishwa wakati wa kubadilisha. Hesabu nzima ilifanywa kwanza, ndipo jibu likapelekwa kwenye senti iliyo karibu, na likiwa katikati kabisa lipande. Kahawa ya lira 1,500 ikawa senti 77 za yuro. Hata hivyo Waitaliano wengi walilalamika kwamba madukani kilichokuwa lira 1,000 kiligeuka yuro 1, karibu mara mbili. Sheria ilikuwepo, lakini mtu aliyeijua ndiye aliyeweza kuuliza.

Na ushei haufanani kila nchi. Vijana wetu walioko Oman wanajua kwamba riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo hesabu za huko zinabeba tarakimu tatu baada ya nukta. Neno baisa ni ndugu wa neno letu pesa, yote mawili yametoka Bara Hindi. Kenya tunabeba tarakimu mbili. Uganda, kwa kanuni ya kimataifa ya sarafu, haibebi hata moja, shilingi yao ni nzima tu. Anayetengeneza programu ya kupokea pesa kutoka Muskat na kuzipeleka Malindi au Kampala akiweka tarakimu mbili kwa wote, ameshakata jasho la mtu kabla hata ya kutoza ada.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na nasema kwa moyo wangu wote: ushei una mwenyewe. Hauwezi kuwa mali ya mashine. Wala si wa mwenye duka kwa sababu tu yeye ndiye aliyenunua programu. Kila panapokuwa na ushei pana watu wawili, na mmoja wao anautoa. Basi tupatane kama wazee walivyopatana kabla ya kupima, mfuto au tele. Iandikwe ukutani, isemwe mkutanoni: hapa ushei unapanda, au unashuka, au unakwenda upande ulio karibu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi anachonunua. Namna bei yake inavyopandishwa ni habari.

Na kwenye ghala, vijana wangu, hifadhini kiasi cha kweli. Mkilazimika kulipa 588, lipeni 588, lakini kitabu kiendelee kukumbuka kwamba alistahili 588 na senti 23 na ushei. Mkifuta kiasi cha kweli mkabakisha kilichopandishwa, hakuna atakayeweza kurudi nyuma kusahihisha, na hapo mtakuwa mmempa yule mama jibu moja tu: kompyuta haikosei.

Nimalizie kwa kuwaambia chini ya mwembe kuliishaje. Yule kijana, Mungu ambariki, hakubishana sana. Alikaa kimya, akachukua kalamu na karatasi, akahesabu kwa mkono mbele ya watu wote. Kisha akasimama akasema kosa ni lake. Wale 16 wakarudisha shilingi moja moja, wengine wakitafuta chenji kwenye mafundo ya leso. Mama akaongezwa 12, zikatimia 588 kama za wenzake. Zikabaki shilingi nne sandukuni, kwa sababu 588 mara 17 ni 9,996.

Mwenyekiti akapendekeza zinunuliwe peremende za watoto. Watu wakaanza kucheka na kukubali. Yule mama akainua mkono. Akasema watoto ni wake pia na anawapenda, ila kwanza daftari lirudi. Likaletwa lile la zamani, lenye jalada lililochanika. Akamwomba kijana aandike tarehe, na chini yake aandike: shilingi nne, za watu 17.

Kijana akaandika. Mama akaomba asomewe, akasomewa. Kisha akajifunga leso yake, akasema sasa twendeni tukale.